Kompyuta isiyoganda: Usinunue jina, kagua mizani

NDUGU msikilizaji, swali la wiki hii limetoka Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Msikilizaji wetu anataka kufungua duka la steshenari: kuchapa barua, kutoa nakala, kujazia watu fomu. Ameonyeshwa kompyuta mbili za mezani jijini Mwanza, zote za mtumba, na bei zake hazipishani sana. Moja ina prosesa ya Intel, nyingine ina prosesa ya AMD. Fundi mmoja amemwambia aikimbie AMD kwa kuwa huganda. Fundi wa pili amemwambia kinyume chake, kwamba siku hizi Intel ndiyo inayoharibika. Naye haulizi ipi yenye kasi. Anauliza: ipi haitaniangusha?

Hilo ni swali la maana kuliko linavyoonekana. Wanunuzi wengi wa kompyuta huuliza kasi, huuliza ukubwa wa diski, huuliza upana wa kioo. Lakini mwenye steshenari katika mji wa wilaya hauzi kasi. Anauza uhakika. Mwanafunzi anapokuja na vyeti vyake kujaza maombi ya Bodi ya Mikopo, huku siku ya mwisho ikiwa ni kesho, anahitaji mashine itakayofika mwisho wa fomu. Hali kadhalika kijana anayetuma maombi Sekretarieti ya Ajira, na katibu wa chama cha msingi cha ushirika anayeleta orodha ya wakulima wa pamba, kila mmoja na kilo zake. Kompyuta ikiganda saa kumi na moja jioni na kazi yote ikapotea, mwanafunzi yule hatasema kwamba prosesa ilikuwa ya kampuni fulani. Atasema amekosa mkopo.

Basi tuanze mwanzo. Prosesa ni nini? Ni kile kipande kidogo kilichokaa katikati ya mazabodi, chini ya feni, ambacho hufanya hesabu zote za kompyuta. Kila herufi unayoipiga na kila picha unayoiona kwenye kioo imepita humo kama tarakimu. Kumbukumbu na diski ni ghala. Prosesa ndiyo karani.

Kampuni mbili ndizo zinazogombea soko la prosesa za kompyuta za mezani, na zote mbili ni za Marekani. Intel ilianzishwa mwaka 1968 na AMD mwaka 1969. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, ilitumia prosesa ya Intel, lakini haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja tu. Kwa sababu hiyo Intel na AMD zilitiliana mkataba mwaka 1982, AMD ikaruhusiwa kutengeneza prosesa za muundo ule ule. Baadaye washirika hao waligombana na kufikishana mahakamani kwa miaka mingi, na AMD ikaanza kubuni prosesa zake yenyewe. Lakini lugha ya msingi ilibaki moja. Ndiyo maana hadi leo programu inayofanya kazi kwenye Intel hufanya kazi kwenye AMD, na mtumiaji wa kawaida akiketi mbele ya kioo hawezi kujua ndani mna ipi.

Kama lugha ni moja, tofauti iko wapi? Mafundi watakujibu kwamba moja ni imara na nyingine si imara. Hapo ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu, maana kila mmoja anasema kwa kadiri ya mashine iliyomsumbua yeye.

Watu wa Usukumani wana historia inayoweza kutusaidia. Katika miaka ya 1940 na 1950, pamba ya Kanda ya Ziwa ilipokuwa ikinunuliwa na wafanyabiashara binafsi, moja ya manung'uniko makubwa ya wakulima lilikuwa juu ya mizani. Mkulima alijua uzito wa mzigo aliojitwisha kutoka shambani, na alipofika kwa mnunuzi akaambiwa uzito mwingine. Manung'uniko hayo yalichangia kuzaliwa kwa ushirika wa wakulima uliongozwa na watu kama Paul Bomani, na hatimaye likaundwa shirikisho kubwa la vyama vya ushirika la Victoria, lililojulikana kwa herufi zake, VFCU. Hoja haikuwa mizani ile imetengenezwa nchi gani. Hoja ilikuwa nani ameikagua, na ameikagua kwa jiwe gani.

Na mizani mbovu ni ya aina mbili. Iko ile iliyokwama: mshale hauendi mbele wala nyuma. Hiyo inaudhi, lakini haidanganyi, kwa kuwa kila mtu anaona kwamba imekwama. Ya pili ni ile inayotembea vizuri, lakini inasoma pungufu. Hiyo ndiyo hatari zaidi. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Inayoganda inakupotezea muda na kazi. Inayokosea hesabu kimya kimya inakupotezea haki yako bila wewe kujua.

Mfano mkubwa wa aina ya pili ulitokea mwaka 1994, na ulitokea kwa Intel. Profesa mmoja wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, jimboni Virginia, Thomas Nicely, alikuwa akitumia kompyuta kadhaa kwa hesabu ndefu za namba tasa. Akaona majibu hayalingani. Alichunguza programu yake, akachunguza mazabodi, akaondoa sababu moja baada ya nyingine, mpaka kidole kikabaki kimeelekea kwenye prosesa yenyewe, Pentium, iliyokuwa fahari ya Intel wakati huo. Ilikuwa ikikosea kugawanya baadhi ya namba.

Mfano uliopata umaarufu ni huu: gawanya 4,195,835 kwa 3,145,727. Jibu sahihi ni 1.33382 na zaidi kidogo. Pentium yenye kasoro ilitoa 1.33374. Utasema tofauti hiyo ni ndogo mno. Ni ndogo kweli. Lakini ukiihamishia kwenye pamba, ni kama kilo 6 katika kila tani 100, na hakuna taa inayowaka kukuambia kwamba leo mizani imekosea. Sababu yake ilikuwa jedwali la tarakimu lililowekwa ndani ya prosesa ili kuharakisha kugawanya. Nafasi tano katika jedwali hilo ziliachwa bila tarakimu zilizostahili kuwamo.

Jambo lililowakasirisha watu halikuwa kosa lenyewe. Intel ilikuwa imekwisha kuliona kosa hilo katikati ya mwaka huo, na haikuwatangazia wateja. Lilipofichuka, ilisema mtumiaji wa kawaida angekutana nalo mara moja katika miaka 27,000, na kwamba angebadilishiwa prosesa yule tu atakayeonyesha kuwa anaihitaji. IBM ilifanya hesabu zake, ikasema inaweza kuwa mara moja katika siku 24 kwa wenye kazi nyingi za hesabu, ikasimamisha uuzaji wa kompyuta zenye Pentium. Tarehe 20 Desemba 1994 Intel ilisalimu amri na kukubali kumbadilishia yeyote atakayetaka. Gharama yake ilitajwa kuwa dola milioni 475. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Je, hiyo ina maana kwamba AMD ni bora? La hasha. Subiri kidogo.

Mwanzoni mwa mwaka 2000 kampuni hizi mbili zilishindana nani atakuwa wa kwanza kuuza prosesa ya gigahezi moja. AMD ilitangulia mwezi Machi, Intel ikafuata baada ya siku mbili tu. Katika kukimbizana huko, Intel ilitoa Pentium III ya gigahezi 1.13 mwishoni mwa Julai. Waandishi wa habari za kompyuta walioijaribu waliona inashindwa kumaliza kazi nzito, na mwezi Agosti mwaka huo huo Intel ikairudisha kiwandani. Haraka haraka haina baraka.

Ikaja zamu ya AMD. Mwaka 2007 ilitoa prosesa yenye viini vinne, Phenom, pamoja na ndugu yake ya kompyuta kubwa za ofisi, Opteron. Ikagundulika kasoro katika sehemu inayosaidia prosesa kukumbuka mahali kitu kilipo ndani ya kumbukumbu. Katika hali fulani mashine ingeweza kuganda. Dawa ya kwanza ilikuwa rekebisho la bayosi, yaani programu ndogo inayoiamsha kompyuta unapoiwasha, lakini dawa hiyo ilipunguza kasi. Prosesa zilizorekebishwa kiwandani zilikuja mwaka 2008. Mwaka 2017 baadhi ya prosesa za kwanza za Ryzen zilikuwa zikivunja kazi ngumu za watengeneza programu wanaotumia Linux, na AMD ikawabadilishia waliolalamika. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen za mfululizo wa 7000, hasa zile zenye kumbukumbu ya ziada zinazopendwa na wacheza michezo, ziliungua kwenye soketi kwa sababu mazabodi zilizipa volti nyingi mno. AMD iliwaagiza watengenezaji wa mazabodi wasizidishe volti 1.3 katika sehemu iliyohusika.

Kisha gurudumu likazunguka tena hadi kwa Intel. Prosesa zake za mezani za kizazi cha 13, zilizotoka mwaka 2022, na za kizazi cha 14, zilizotoka mwaka 2023, zilianza kuangusha programu na kugandisha mashine, hasa zile kubwa za i9 na i7, na baadhi ya i5. Kwa miezi mingi watu walilaumu mazabodi, wakalaumu michezo, wakalaumu kadi za picha. Katikati ya mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba maelekezo yaliyomo ndani ya prosesa yalikuwa yakiomba umeme kupita kiasi, na umeme huo ulikuwa ukiichakaza prosesa kidogo kidogo. Marekebisho yalitolewa kuanzia Agosti 2024, na dhamana ya prosesa zilizohusika ikaongezwa miaka miwili. Lakini lisikie neno hili vizuri: marekebisho huzuia uchakavu, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuchakaa.

Sasa mafundi wetu wawili wa Mwanza tunawaelewa. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja ana kumbukumbu ya mwaka wake.

Lakini ukiyatazama matukio haya kwa pamoja, utaona jambo ambalo majina ya kampuni yanalificha. Mengi yamewakuta waliokuwa ukingoni: prosesa mpya kabisa iliyotoka juzi, au prosesa iliyosukumwa hadi mwisho wa uwezo wake ili imshinde mpinzani kwa kasi kidogo. Prosesa za kawaida, za kasi ya wastani, zilizokwisha kukaa sokoni mwaka mmoja au miwili, ni nadra kuingia katika habari hizi, iwe ni za Intel au za AMD.

Hili si dhana tu. Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walichapisha uchunguzi wa kompyuta zipatazo milioni moja, wakihesabu ni ngapi zilizoanguka kwa hitilafu za vifaa vyenyewe. Hawakuzitaja kampuni za prosesa kwa majina, walisema tu kampuni ya kwanza na kampuni ya pili. Kwa mashine zilizotumika kwa kasi ya kiwandani, kampuni zote mbili zilikuwa karibu sawa: takriban mashine 1 katika 400 iliangushwa na prosesa katika muda wa miezi minane. Tofauti kubwa ilikuwa kwa mashine zilizoharakishwa kupita kipimo cha kiwandani. Hizo zilianguka mara kadhaa zaidi, ziwe za kampuni ya kwanza au ya pili. Na jambo la tatu walilolikuta ni la kuandikwa ukutani: mashine iliyokwisha kuanguka mara moja kwa kosa la prosesa ilikuwa na uwezekano mkubwa, kama 1 katika 3, wa kuanguka tena kwa kosa hilo hilo. Maana yake ni kwamba ubovu unakaa katika mashine moja moja, si katika jina lililobandikwa juu ya boksi.

Kama prosesa si mkosaji mkuu, nani basi anayegandisha kompyuta zetu?

Wa kwanza ni umeme. Ukutani unatarajiwa kuwa na volti 230. Pawasaplai huushusha na kuunyoosha hadi volti 12, halafu mazabodi huushusha tena hadi karibu volti moja tu, ambayo ndiyo prosesa hunywa. Hebu fikiria: kutoka 230 hadi 1. Kadiri mji ulivyo mbali na kituo kikubwa cha umeme, mwisho wa waya mrefu, ndivyo volti zinavyopanda na kushuka pale mashine za kusaga na za kuchomelea zinapowashwa na kuzimwa. Pawasaplai nzuri huyameza mawimbi hayo. Pawasaplai dhaifu huyapitisha hadi ndani, na prosesa iliyotarajia volti moja ikipata pungufu kidogo kwa sehemu ndogo ya sekunde, hesabu inaharibika na kioo kinaganda. Mwenye mashine atasema prosesa ni mbovu. Prosesa imelala njaa tu.

Wa pili ni kumbukumbu, ile mafundi wanayoiita ramu. Google ilipochunguza kompyuta zake kwa muda wa miaka miwili na nusu na kutoa matokeo mwaka 2009, ilionekana kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya kumbukumbu vilipata kosa walau moja kila mwaka. Na hizo zilikuwa kompyuta zenye kumbukumbu ya aina ya kujisahihisha, ambayo nyingi za mezani hazina. Kipande cha ramu kilichochakaa, au vipande viwili visivyolingana vilivyotiwa pamoja dukani ili ionekane ramu ni kubwa, ni chanzo cha kawaida cha kuganda kusikotabirika: leo asubuhi, kesho usiku, keshokutwa hakuna.

Wa tatu ni joto na vumbi. Kiangazi cha Simiyu kinajulikana, na duka lililo kando ya barabara ya vumbi hulipeleka vumbi hilo moja kwa moja kwenye feni. Kati ya prosesa na chuma cha kuipoza kuna dawa laini inayopitisha joto. Ikikaa miaka sita au saba hukauka, na joto likikosa njia, prosesa hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na mwisho huzima. Wa nne ni vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye mazabodi vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi. Vikifura kichwani kama maandazi, mazabodi hiyo imekwisha, hata kama bado inawaka.

Na wa tano ni programu: virusi, madereva yasiyolingana, Windows ya kunakili iliyochezewa. Kompyuta ya namna hiyo itaganda hata ukiiwekea prosesa ya dhahabu.

Nchi hii ina funzo la zamani kuhusu kumlaumu asiyehusika. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mpango wa kuweka hesabu za Serikali kwenye kompyuta kuleta hasara na mkanganyiko. Kasoro kubwa zilikuwa katika maandalizi na usimamizi wa kazi, lakini adhabu ikaiangukia mashine, na ilichukua miaka mingi mlango kufunguliwa tena. Tusirudie kosa hilo madukani kwetu kwa kutupa kompyuta nzima kwa sababu ya pawasaplai.

Haya, ndugu yetu wa Lagangabilili achague vipi?

Kwanza, asome jina kamili la prosesa, si jina la kampuni peke yake. "Intel" au "AMD" haitoshi, na "i5" au "Ryzen 5" pia haitoshi. Zile tarakimu zinazofuata ndizo zinazosema kizazi. Kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ni busara kutafuta mashine inayokubali Windows 11. Kwa jumla hiyo ni Intel ya kizazi cha 8 au AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000, na kuendelea. Chini ya hapo atauziwa rahisi, lakini atakuwa ameanza biashara akiwa nyuma.

Pili, achague prosesa ya kazi za ofisi, ya wati 65 au pungufu. Zipo hata za wati 35 katika zile kompyuta ndogo zilizotoka maofisini. Zile kubwa za i9 zinaweza kunywa wati zaidi ya 250 zikifanya kazi kwa nguvu zote. Umeme huo wote hugeuka joto, na joto hilo linahitaji feni kubwa, pawasaplai kubwa na UPS kubwa. Barua ya maombi ya kazi haihitaji hayo.

Tatu, akionyeshwa Intel ya i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 kwa bei ya kuvutia, aulize bayosi yake ilirekebishwa lini. Ikiwa haikurekebishwa tangu kabla ya Agosti 2024, na ilikuwa ikitumiwa kwa kazi nzito, aiache. Intel iliongeza dhamana, ni kweli, lakini dhamana haisafiri na mtumba. Aliyeinunua Ulaya au Marekani ikiwa kwenye boksi anaweza kubadilishiwa. Aliyeinunua mkono wa tatu na kuipeleka Itilima kwa basi hana pa kuirudisha. Vivyo hivyo, kwa Ryzen 7000 zenye kumbukumbu ya ziada, asikubali ambayo bayosi yake ni ya kabla ya marekebisho ya mwaka 2023.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, aikague mizani. Asilipe kabla ya kuijaribu. Amwombe muuzaji afungue boksi, atazame vile vipipa kama vimefura, atazame vumbi, atazame kama pawasaplai ni ya kiwanda au imebadilishwa na ya bei ya chini. Kisha iwekwe programu ya bure ya kupima kumbukumbu, Memtest86+, iachwe izunguke usiku kucha. Kosa moja tu likitokea, asikubali kuambiwa kwamba ni dogo. Asubuhi yake mashine ipewe kazi nzito kwa saa mbili, huku joto la prosesa likitazamwa. Likibaki chini ya nyuzi 85 na mashine isigande wala kujizima, imefaulu. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Tano, pesa atakayookoa kwa kutochukua prosesa kubwa aitumie kununua UPS yenye uwezo wa kurekebisha volti, pamoja na waya wa ardhini uliofungwa na fundi anayejua kazi. Radi za Kanda ya Ziwa haziulizi kama ndani mna Intel au AMD. Na mawingu yanapokusanyika, achomoe waya ukutani.

Sita, ajizoeze kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache, na nakala ya orodha za watu akaiweke nje ya mashine ile. Uthabiti wa kompyuta si kwamba haitaanguka kamwe. Ni kwamba ikianguka, mteja asipoteze kitu.

Na ikiwa mashine zote mbili zimefaulu majaribio? Basi achukue ile ambayo fundi wa Bariadi anaifahamu na ambayo pawasaplai na ramu yake zinapatikana bila kuagizwa Dar es Salaam. Kwa mashine nyingi za ofisi zilizotumika hapa nchini, hiyo huenda ikawa Intel, kwa sababu tu ndizo nyingi zaidi na mafundi wamezizoea. Lakini ikiwa ile ya AMD imefaulu na ile ya Intel imetoa kosa moja usiku ule, asisite hata dakika moja. Achukue AMD, na hali ikiwa kinyume, achukue Intel.

Kuna watakaosema kwamba ushauri huu ni mrefu, kwamba mtu anataka jibu la neno moja. Jibu la neno moja lipo madukani kwa wingi, na hubadilika kila baada ya miaka michache: mwaka 1994 lingekuwa AMD, mwaka 2007 lingekuwa Intel, mwaka 2024 lingekuwa AMD tena. Mnunuzi wa mtumba hununua mashine ya miaka iliyopita kwa sifa za mwaka huu, au hununua mashine ya mwaka huu kwa sifa za miaka iliyopita. Njia zote mbili humpotosha.

Mkulima wa pamba anapofika kituoni hana haja ya kujua kiwanda kilichofua mizani. Anataka kuona muhuri wa Wakala wa Vipimo, na akipata nafasi anataka kuona jiwe la kilo ishirini likipanda juu yake na mshale ukisimama kwenye ishirini. Anayepeleka fomu yake steshenari hana jiwe la kuipimia kompyuta ya mwenzake. Amemwachia mwenye duka afanye kazi hiyo kwa niaba yake, kabla hajamfungulia mlango.